Miaka Kumi na Mmoja ya Kuchechemea

Jumatano, 4 Septemba 2024

Namba kumi na saba!

Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye jalada pia, ili nikizidi kuzeeka nisije nikasema niliota. Barua imekuja leo mchana. Watu mia tisa na kitu tuliomba vyumba sitini na vinane vya Makao ya Gileadi, wakachezesha bahati nasibu, na mimi, Ozella Broadnax, miaka sitini na tisa, mpishi mstaafu wa shule, nimetoka wa kumi na saba. Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma nimekaa. Nikaenda kuisoma dirishani, kama vile mwanga ungebadilisha namba.

Dirisha langu hapa Kent, nje ya Seattle, linatazama maghala. Malori yanarudi kinyumenyume yakilia pi-pi-pi tangu alfajiri. Miaka ishirini ya pi-pi-pi. Inatosha.

Nimempigia Cleotis, mdogo wangu, kule Tacoma. Hakusema hongera. Alisema, "Dada, una hakika si nyumba za maskini hizo?" Nikamwambia nyumba ya maskini ni yake yeye, mwenye kochi barazani linalonyeshewa. Akacheka. Nikamweleza tena, mara ya nne sasa: kampuni kubwa inatoa pesa za kujengea, serikali inaipunguzia kodi kwa miaka kumi, kwa hiyo pango linawekwa chini na haliruhusiwi kupanda ovyo. Tajiri kapunguziwa kodi, Ozella kapata jiko lenye dirisha. Sioni aliyeibiwa hapo.

"Na uwanja ni wa nani?" nikamuuliza. "Ni wa kanisa, Cleotis! Ni pale pale pa kuegesha magari, ulipomgonga shemasi kwa baiskeli."

Sisi hatuombi msaada. Tunarudi kwetu. Ndiyo tofauti, na mdogo wangu haioni.

Jumapili, 8 Septemba

Glavu nyeupe, viatu vyeupe, beji ya kiongozi wa wahudumu wa mlangoni. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyekaa kanisani kwetu New Gileadi bila mimi au mtu wangu kumwonyesha kiti. Hata meya mmoja nilimzuia mlangoni sala ikiendelea. Akasubiri kama wengine.

Leo nilikuwa nawapokea watu huku moyoni nawapanga kwa miji. Huyu Renton. Hawa Federal Way. Yule Tacoma na wajukuu wake wanne. Waumini mia na ishirini hivi, na waliokuja kwa miguu ni wanne tu. Zamani ilikuwa kinyume! Mwenye gari ndiye aliyekuwa anatazamwa. Nje, mtaa wetu umejaa vijana wa kizungu wanaokimbia bila kufukuzwa na mtu. Nimemwona mbwa amevaa koti la mvua. Na mvua yenyewe haikuwepo.

Lakini kando ya kanisa limesimama jengo letu. Ghorofa sita, matofali mekundu, madirisha makubwa. Wale wa nyumba mpya waliandika barua kuwa litawazibia jua. Jua gani, Seattle hii? Mchungaji Whitfield aliwajibu kwa upole. Mimi nisingejibu kwa upole.

Mchungaji akaomba waliopata namba wasimame. Tukasimama kumi na mmoja. Makofi! Nilinyoosha mgongo mpaka ukalia. Kila mtu alipiga makofi isipokuwa Delphine Guidry, katibu wetu wa kanisa, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Yeye alikuwa ananitazama juu ya miwani yake, kama mtu anayepiga hesabu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimetoka ofisi ya Makao. Afisa ni binti wa Kihabeshi, Selam. Kumbe kazaliwa hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, na mama yake alikuwa anauza mkate wa injera karibu na ilipokuwa saluni ya Dada Mozelle. Ananiita "mama" kwa heshima zote. Nimempenda. Nikampenda hadi alipofungua faili.

Kipato changu, sawa. Umri, sawa. Namba kumi na saba, hongera mama. Halafu ikaja sehemu ya wenyeji. Vyumba vya kwanza ni vya watu waliokuwa wakiishi mtaani kisha wakasukumwa nje na bei. Kama ni mzazi wako tu aliyeishi, unaingia kundi la pili. Kama uliishi wewe mwenyewe, ukiwa mtu mzima, miaka kumi au zaidi baada ya 1990, unaingia kundi la kwanza. Kundi la pili linasubiri mpaka la kwanza litosheke, na la kwanza, kwa anavyoona Selam, litamaliza vyumba vyote.

"Mimi niliishi kwa mama yangu kuanzia 1991 mpaka 2004," nikasema. "Barabara ya Ishirini na Nne. Nyumba ya kijani."

"Safi sana, mama. Niletee karatasi yoyote yenye jina lako na anwani hiyo. Bili ya umeme, leseni, hati ya mshahara, chochote. Mwisho ni tarehe thelathini."

Chochote! Nimesema nitaleta. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 13 Septemba

Siku tatu nimefungua masanduku. Sitafuti tena. Nilijua tangu nikiwa palepale kwenye kiti mbele ya Selam kwamba hakuna kitu.

Basi niandike. Hili daftari halina msomaji, na mimi nimechoka kujidanganya mwenyewe nikiwa peke yangu.

Mwaka 1984 mume wangu Thaddeus alinunua nyumba Bellevue, ng'ambo ya ziwa. Mtu wa kwanza wa New Gileadi kuvuka ziwa na kununua! Kanisa lilitufanyia sherehe. Mama yangu, Mama Lutie, alitembea na picha ya ile nyumba kwenye Biblia yake, akawaonyesha mpaka watu wasiomuuliza. "Binti yangu wa Bellevue." Mwaka 1991 Thaddeus akapata mwanamke mwingine, nyumba ikaenda naye, na mimi nikaja mlangoni kwa Mama na masanduku mawili.

Nilimwambia Mama siwezi kuwatazama watu usoni. Mama alikaa akafikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Akasema, "Basi sema umekuja kuniuguza. Mguu wangu utaanza kuuma Jumapili hii."

Na ukaanza! Mama alichechemea miaka kumi na mmoja kwa ajili yangu. Alinunua mkongojo. Aliingia kanisani akiuburuta mguu, akiugulia kila ngazi, na mimi nikimshika mkono kama binti mwema aliyeacha jumba lake ng'ambo ili amtunze mama. Nyumbani alikuwa anapanda ngazi mbio kuliko mimi.

Na mimi nilifanya kazi yangu. Barua zangu zote zilikwenda kwenye sanduku la posta la Bellevue. Leseni, Bellevue. Mshahara wa shule, Bellevue. Kila Jumamosi nilipanda basi kuvuka ziwa kwenda kuchukua bili zangu mwenyewe. Daftari la kanisa, Bellevue. Mama alipofariki 2002, bado nilibaki mle ndani miaka miwili "kushughulikia nyumba". Kisha kodi ya kiwanja ikatushinda, akaja mtu na pesa taslimu, mimi na Cleotis tukasaini, nikaja Kent.

Miaka kumi na tatu! Nililala pale, nilipika pale, nilimfumba Mama macho pale. Kwa karatasi, sikuwahi kuishi hata siku moja. Hakuna aliyenifuta mtaani. Nilijifuta mwenyewe, kwa kalamu nzuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda kusimama pale. Sijui nilitaka nini. Labda nilifikiri ardhi itanitolea shahidi.

Nyumba ya kijani haipo tangu zamani. Zimeota tatu nyembamba za kijivu, ndefu kama kabati za faili. Ngazi za mawe za mbele tu ndizo zilizobaki, zile tatu alizozijenga baba. Wamezitumia. Ya pili bado ina ule ufa.

Nikiwa nimesimama, akatoka mama mmoja mdogo wa kizungu na mbwa. (Bila koti.) Akaniuliza kwa tabasamu kama nimepotea.

"Wewe umekuja lini hapa?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi."

"Basi mimi sijapotea," nikasema. "Na angalia ngazi ya pili, mvua ikinyesha inateleza."

Tabasamu likamwisha, halafu likarudi jingine, la kweli zaidi. Akasema alishateleza, mwezi wa pili, akavunjika mkono. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nilianguka hapo nikiwa na miaka sita, na kovu ninalo. Akaomba kuliona. Nikamwonyesha! Tukasimama pale, yeye na mkono wake, mimi na goti langu. Anaitwa Brynn. Si mtu mbaya. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenisaidia.

Kovu halina anwani wala jina. Nimewaza hilo njia nzima.

Jumatatu, 16 Septemba

Selam kapiga simu asubuhi. Kama karatasi hakuna, barua ya kanisa inakubalika. Lakini lazima itoke kwenye kumbukumbu za kanisa, isainiwe na katibu.

Katibu! Delphine!

Nimekwenda kwake na pai ya viazi vitamu. Mtu haendi kwa Delphine mikono mitupu akiwa na shida. Alikata kipande, akala chote, akafuta mdomo, ndipo akaniuliza nataka nini. Nikamwambia ni kitu kidogo tu, barua, mistari mitatu.

Akaenda chumbani, akarudi na sanduku la viatu. Ndani kuna programu za mazishi zote za New Gileadi tangu 1958. Kila marehemu na picha yake. Akachomoa ya Mama bila kutafuta. Alikuwa ameiweka tayari, mchawi yule.

"Soma walioachwa," akasema.

Sikuhitaji kusoma. Niliiandika mimi. *Ameacha mwana mmoja, Cleotis wa Tacoma, na binti mmoja, Ozella wa Bellevue.*

"Wa Bellevue," akasema Delphine. "Na daftari la kanisa, wa Bellevue. Sasa kumbukumbu gani unataka nikuandikie, Ozella?"

"Delphine. Wewe unajua nilikuwa naishi wapi."

"Mimi nilijua. Mtaa mzima ulijua! Gauni lako la kulalia lilikuwa kwenye kamba kila Jumatatu, la zambarau, ukubwa wa hema. Shemasi Purvis alikuona kila Jumatano unatoa takataka na vibano vya nywele kichwani. Na mama yako, Mungu amrehemu, Jumapili hii anachechemea mguu wa kulia, Jumapili ijayo wa kushoto! Tulikuwa tunabetiana kwenye kwaya. Nani alikwambia tulidanganyika?"

Nilikaa. Kiti kilikuwa karibu, bahati nzuri.

"Kwa nini hamkusema?"

"Kwa sababu tulikupenda, mjinga wewe."

Nikamwambia basi abadilishe tu daftari, mstari mmoja, aandike barua, yaishe. Akasimama. Delphine akisimama hivyo, na ile bawasiri yake, ujue ni jambo la kanuni. Daftari la kanisa halibadilishwi jikoni kwa kipande cha pai. Linabadilishwa kwenye kikao cha kanisa, kwa hoja, kwa kuungwa mkono, kwa kura. Kikao ni tarehe 29. Mwenye jina anasimama mwenyewe na kusema kilichokosewa.

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, pale pale ulipovishwa ile beji."

Nikamwambia ana roho ya karani. Akaniambia mkataa kwao mtumwa. Neno hilo! Kumwambia mtu wa kwetu, ambaye babu wa babu yake alikuwa na bei mnadani! Nilichukua pai yangu iliyobaki nikaondoka. Kituoni nikakumbuka kuwa sahani ni yake.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Sina la kuandika.

Nimekula pai yote.

Jumapili, 22 Septemba

Nimemkalisha Delphine nyuma ya nguzo.

Jumatano, 25 Septemba

Hesabu yangu ni hii. Nikinyamaza, nabaki na heshima yangu na malori. Nikisema, huenda nikapata jiko lenye dirisha linalotazama mlango wa kanisa, lakini nani atapita mlango huo akionyeshwa kiti na mwongo? Miaka thelathini na mmoja nimewatazama wasichana waliokuja na mimba, wanaume waliotoka jela, nimewaonyesha viti na kidevu changu kiko juu. Nilikuwa nikijiambia, angalau mimi. Angalau mimi!

Nilimpigia Selam kuuliza kama kuna njia nyingine. Akasema mama yake alifungiwa duka la injera 2011, na alipoulizwa na majirani alisema anapumzika tu, atafungua tena. "Mpaka leo, mama, anasema anapumzika." Halafu akasema hana njia nyingine.

Ninajua nimeshaamua. Sitaki tu kuandika.

Jumapili, 29 Septemba

Sijui nianzie wapi. Bado nusu naona aibu, nusu nacheka.

Kikao kilianza baada ya ibada. Taarifa ya fedha. Taarifa ya paa (linavuja). Kisha Delphine akasimama na sauti yake ya kikao: "Marekebisho ya daftari. Je, kuna mwenye jina?"

Nilivua glavu kwanza. Nikaziweka kwenye kiti, moja juu ya nyingine. Sijawahi kusimama mle ndani siku ya Jumapili bila glavu tangu 1993. Nilitembea mpaka mbele.

Nikasema, "Mwenyekiti, jina langu limeandikwa kwamba ni la Bellevue. Si kweli. Tangu 1991 nilikuwa naishi kwa Mama. Mume aliniacha. Nyumba ilikwenda. Mama hakuwa na shida yoyote ya mguu."

Hapo nikakoma. Nilikuwa nimetayarisha mengine, mazuri, yameniruka.

Paa likadondosha tone. Halafu Shemasi Purvis, miaka themanini na nane, kutoka safu ya pili: "Mguu upi?"

Kanisa likapasuka! Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama Tolliver wa kwaya alilazimika kutolewa nje apate hewa. Mchungaji Whitfield alijificha uso kwa karatasi ya ajenda lakini mabega yalikuwa yanamsaliti. Nami nikasimama pale nikitaka sakafu inimeze, kisha nikasikia sauti mbaya kama ya bata, na ilikuwa mimi. Nilikuwa nacheka. Halafu nilikuwa nalia. Sijui mpaka ulikuwa wapi.

Mwenyekiti akagonga meza. Utaratibu ni utaratibu. Shemasi Purvis akatoa hoja kwamba Dada Broadnax aandikwe wa Barabara ya Ishirini na Nne, kuanzia 1991, kwa ushahidi wa takataka za kila Jumatano. Hoja ikaungwa mkono na watu sita kwa pamoja, Delphine akawaambia anatakiwa mmoja tu. Mtu wa nyuma akataka iongezwe kwamba waimbaji wote wa alto waliona gauni la zambarau. Ikaongezwa. Nimeingia kwenye kumbukumbu za New Gileadi na gauni langu la kulalia!

"Wanaokubali waseme ndiyo."

Lile ndiyo. Sitalisahau. Walikuwa watu wa Renton, wa Federal Way, wa Tacoma, wa Auburn. Lakini hakuna sauti mle iliyokuwa ya Renton. Ilikuwa sauti ya mtaa wetu, nzima, kama ilivyokuwa siku moto ulipoingia saluni ya Dada Mozelle na kila mtu akatoka na ndoo.

"Wanaokataa?"

Paa tu.

Delphine akaandika papo hapo, kwa wino. Akapiga muhuri. Akaja mpaka nilipo, akanipa barua. Alikuwa ameshaichapa, tangu wiki iliyopita, ilibaki tarehe tu. Mstari wa tatu: *Dada Ozella Broadnax, wa Barabara ya Ishirini na Nne.*

"Na sahani yangu?" akaniuliza.

Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka miwani yake ikapinda. Naona fahari. Naandika hivyo hivyo: naona fahari. Ile ya zamani ilikuwa ya kukodi, nikiilipia kila Jumamosi kwa nauli ya basi. Hii ni yangu.

Cleotis kapiga simu jioni, habari zimemfikia. Amekasirika! Kumbe katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyeamini ule mguu. "Nilimnunulia Mama viatu vya daktari! Pea tatu! Nilikuwa namwombea!" Nimemwambia maombi hayapotei, yatakuwa yamemfikia mchechemeaji mwingine.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimepeleka bahasha. Selam hakuwepo, nikamkabidhi wa mapokezi, akaigonga muhuri wa saa. Saa nane na dakika kumi mchana. Mahojiano kesho, saa tatu asubuhi. Delphine anakuja nami kama shahidi. Ananipangia hata nguo. Nimemwambia mimi ni mtu mzima, nitavaa ninachotaka. Nitavaa suti nyeupe, ndiyo hiyo hiyo aliyosema.

Jumanne, 1 Oktoba

Naandika nikiwa ofisini, kwenye goti. Tumefika saa mbili na nusu. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Delphine kaniletea kipande cha keki kwenye karatasi, nimekataa, suti nyeupe hii. Yeye amekula.

Selam anatoka na orodha, anaita, mtu anaingia. Kundi la kwanza ndilo linaloitwa asubuhi, la pili mchana. Bado hajasema niko kundi lipi. Mlangoni nilimsalimu, akasema faili yangu iko mezani, hajaifikia, ana bahasha arobaini; ataniita asubuhi hii hii, aisome mbele yangu.

Majina yetu yanafanana, kwa hiyo anaita na miji. Ndivyo ilivyo kwenye kompyuta yake, anwani ya sasa.

"Johnson wa Renton?"

Ameinuka mwanaume mmoja mnene, kofia mkononi. Delphine ananinong'oneza: si ni kijana wa yule fundi viatu wa barabara ya Yesler? Ndiye! Masikio yale yale.

"Johnson wa Federal Way?" Huyo ni mjukuu wa Dada Mozelle. Saluni ilipoungua alikuwa amebebwa mgongoni.

"Tolliver wa Auburn?" Auburn gani! Tolliver walikuwa nyumba ya kona, yenye mbwa mkali.

"Purvis wa Kent?"

Wanainuka mmoja mmoja. Wa huku, wa kule. Wanaitika "ndiyo" kwa sauti ndogo, kama watoto wa shule ngeni. Nami nawajua wote. Ningeweza kuwaita bila orodha, mlango kwa mlango, kutoka juu ya kilima mpaka chini, na nyumba zao rangi gani. Tumeandikwa vibaya, ukumbi mzima. Mimi nilijiandika mwenyewe, hawa waliandikwa na wengine, lakini makosa ni yale yale.

Nimevaa glavu zangu. Sikujua kwa nini nilizileta. Sasa najua.

"Broadnax? Ozella Broadnax, wa Kent?"

Delphine ananichoma kiwiko. "We mwanamke, unaitwa."

Nimesikia. Masikio ninayo. Nimekaa, mguu juu ya mguu, na naandika.

"Broadnax wa Kent?"

"Ozella, usianze. Watampa mtu mwingine zamu. Ozella!"

Watu wanageuka. Kijana wa fundi viatu, aliyekuwa ameshika mlango, amesimama kuniangalia.

"Broadnax wa Kent, naita mara ya mwisho."

Nimeinua mkono mmoja, kama ninavyowazuia watu mlangoni sala ikiendelea. Selam amesimama papo hapo. Nimemwambia, binti yangu, kwanza fungua ile bahasha yenye muhuri wa New Gileadi. Mstari wa tatu. Usome kwa sauti, na wote hawa wasikie. Ndipo uniite.

Delphine kanishika mkono, anauminya mpaka naandika vibaya.

Amerudi na bahasha. Anaichana kwa kidole. Anasoma, midomo inasogea, kisha anainua uso na kuita kwa sauti, "Dada Ozella Broadnax, wa Barabara ya Ishirini na Nne?" Naweka kalamu.